Kuandika na Kuhutubia Kuhusu Uchumi wa Kijani Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili

Siku ya kwanza kuitwa kuzungumza juu ya mazingira nilikuwa na karatasi 14 mkononi. Kikundi cha kina mama kilikuwa kimekusanyika chini ya mwembe huko Mikindani, baada ya sala ya alasiri, nami nikawasomea habari za hewa ukaa, gesijoto na mikataba ya dunia kwa dakika 40. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akichambua mbaazi aliniuliza: "Mwanangu, mikoko hii nikiiata, usiku n'tapikia nini?" Sikuwa na jibu, na katika karatasi zile zote hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumjibu.

Mwongozo huu umezaliwa na swali hilo. Nimemwandikia kijana wa Kisauni, mwalimu wa Likoni, mvuvi wa Mtongwe au karani wa bandarini anayetaka kuwa mwandishi na mzungumzaji wa masuala ya mazingira na uchumi wa kijani, tena anayetaka asikizwe mtaani kwake kabla ya kualikwa kwenye kumbi za hoteli za Nyali. Ukiufuata kwa subira utahitaji kama mwaka mmoja kabla hujajiita mzungumzaji. Mwaka huo usiuruke.

Tuelewane maneno kwanza

Maendeleo endelevu, kwa maana iliyoenezwa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ni kutosheleza mahitaji ya walio hai leo bila ya kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutosheleza yao. Uchumi wa kijani ni wazo hilo likiingia sokoni: watu wapate riziki, maskini wasiachwe nyuma, na misitu, maji na hewa visimalizwe. Mchuuzi yeyote wa Marikiti anaijua kanuni hii, kwa kuwa yeye hula faida na mtaji hagusi. Sisi watu wa pwani huongeza uchumi wa buluu, riziki itokayo baharini: uvuvi, bandari, utalii, mwani, mikoko. Kongamano kubwa la dunia kuhusu uchumi huo lilifanyika Nairobi mwezi Novemba 2018.

Maelezo hayo yanatosha kuanzia. Mengine utayajua kwa miguu.

Hatua ya kwanza: shika mahali pamoja

Anayeanza hutaka kuzungumzia dunia nzima. Akitajiwa barafu ya ncha ya kaskazini anajua, akiulizwa mfereji wa nyuma ya nyumba yao unamwagia wapi hajui. Wewe chagua mahali pamoja unapoweza kufika kwa tuktuk au kwa miguu, ukae napo miezi mitatu. Hori ya Tudor panafaa. Panafaa pia jaa la Mwakirunge, soko la Kongowea wakati wa kufunga, ufuo wa Bamburi, au Kibarani, palipokuwa jaa la taka miaka mingi kandokando ya bahari kabla ya kufungwa na kupandwa miti.

Ukichagua bahari, jifunze saa zake. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapo tofauti baina ya maji kupwa na kujaa Mombasa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, tofauti hiyo ikiwa ndogo, hutaona mengi. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji ya mwaka mzima, lakini muulize pia mvuvi, maana jedwali halikwambii kusi imevuruga nini.

Nenda na daftari na mtu wa pale. Mwambie akutajie vitu kwa majina yake. Kenya ina aina tisa za mikoko, na mtu asiyejua huona msitu mmoja tu wa kijani. Atakuonyesha mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi kama kaa juu ya miguu yake, mchu, unaochomoza mizizi myembamba kutoka matopeni, mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi, mlilana, unaokaa mbele kabisa kukabili maji, muia, na mkomafi, wenye tunda la duara kubwa kama mpira. Halafu atakueleza jambo ambalo wafadhili wengi wamelipia gharama bila ya kulijifunza: kila mti una mahali pake. Ukichukua miche ya mkoko ukaipanda mbele, mahali pa mlilana, mawimbi yataing'oa. Picha za siku ya kupanda zitakuwa nzuri, na baada ya miezi sita hakuna kitu.

Hapo ndipo hesabu yako ianze. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliweka utaratibu wa kuwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche ulioishi. Mche uliopandwa ukafa haukulipiwa. Chukua desturi hiyo uifanye yako. Popote utakapoandika kwamba miche elfu kadhaa imepandwa, usimalize sentensi kabla ya kwenda kuhesabu iliyo hai.

Angalia na historia ya mahali. Huko Mwache, magharibi ya Mombasa, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta tope jingi lililofunika mizizi ya mikoko ikafa maeneo makubwa. Hapo wa kulaumiwa peke yake si mkata boriti. Tope lilitoka bara, kwenye ardhi iliyoachwa tupu. Mwandishi asiyejua hilo atamlaumu mtu asiyestahili, na watu wa Mwache hawatamsikiza tena.

Hatua ya pili: fuata shilingi

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Neno "uchumi" limo ndani ya jina la kazi yako. Kila habari utakayoandika iwe na majibu ya maswali haya: nani anatoa fedha, nani anapokea, kwa muda gani, na nani anabeba hasara mambo yakienda mrama.

Chukua mfano wa Gazi, Kaunti ya Kwale, mwendo mfupi kutoka kivuko cha Likoni. Mradi wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 jamii huuza hati za kaboni: mashirika na watu wa nje hulipia hewa ukaa inayofungwa na miti na matope yale. Fedha zimetumika kwa maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Ukiishia hapo umeandika tangazo. Mwandishi wa uchumi wa kijani huendelea: hati moja huuzwa kiasi gani, nani huweka bei, msimamizi hukata ngapi, kamati ya kijiji huchaguliwa vipi, na aliyekuwa akiishi kwa kukata mikoko sasa anaishi kwa nini. Nenda ukaulize. Watu wa Gazi wamezoea wageni na maswali, ila nenda kwanza kwa ofisi ya mradi na kwa wazee, usiwavamie kwa kamera.

Sheria nayo ijue. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, na sasa miradi ya kaboni inayotegemea ardhi lazima iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutolewa gharama za uendeshaji. Hayo maneno ya mwisho, kuhusu gharama, ndiyo ya kuyachunguza. Asilimia 40 ya kitu kidogo ni kidogo.

Mfano wa pili uko Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe pale mwaka 1954, kikaacha mashimo meupe, maji yake ya chumvi, udongo hakuna. Mwaka 1971 Dakta René Haller alianza kujaribu miti, na uliostahimili zaidi ulikuwa mvinje. Tatizo likawa majani yake makavu: yalirundikana bila ya kuoza. Akaleta majongoo. Yakala majani, yakageuza kuwa mboji, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Leo ni bustani inayotembelewa na watoto wa shule. Ninaipenda habari hii kwa kuwa mzungumzaji anaweza kuishika kiganjani: jongoo mmoja, jani moja, shimo moja. Lakini uliza na upande wa shilingi: nani alilipa miaka yote ile kabla ya bustani kuanza kuleta kiingilio? Na machimbo mengine ambayo hayana Haller?

Jizoeze hesabu ndogo za jikoni pia. Tuseme mama lishe wa Mwembe Tayari hutumia mikebe 3 ya makaa kwa siku, mkebe shilingi 100. Kwa siku 30 ni shilingi 9,000. Tuseme akipata jiko bora na makaa yaliyoshindiliwa ya vifuu gharama inashuka hadi shilingi 200 kwa siku, basi kwa mwezi ni 6,000, ameokoa 3,000. Jiko likiwa shilingi 4,500 litajilipa kwa mwezi mmoja na nusu. Bei hizi nimezitunga ili uone mwendo wa hesabu. Wewe weka za mtaa wako, ulizoziuliza mwenyewe wiki hiyo. Na uliza lile ambalo karatasi haisemi: hizo shilingi 4,500 za mwanzo anazitoa wapi kwa mkupuo mmoja? Mara nyingi jibu ni chama cha mzunguko, na hapo umepata makala.

Hatua ya tatu: kusanya ushahidi unaoweza kusimama mahakamani

Usiandike kwa kusikia. Mombasa tuna bahati ya kuwa na taasisi zinazotafiti bahari tunayoizungumzia: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mkomani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Watafiti wengi hufurahi kuulizwa na mtu aliyesoma kidogo kabla ya kuja. Andika barua fupi, taja swali moja, omba dakika 20.

Kwa ofisi za serikali, Katiba ya mwaka 2010 imekupa nguvu. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Peleka ombi kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, tia tarehe kwenye kalenda. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira ziko NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mwananchi ana haki ya kuziona. Mimi nimewahi kurudi kwenye ofisi moja mara nne kwa ajili ya karatasi moja. Mara ya tano niliipata, na muhuri wa ombi la kwanza ndio ulionisaidia.

Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Uzito wa vifungu hivi ulionekana hapa hapa Mombasa, Owino Uhuru. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi katika damu. Hakuanza na hotuba. Alitafuta vipimo vya watoto wengine wa mtaa, akakusanya, akaandamana, akashikwa, akaendelea. Alipata Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapanda ngazi za rufaa, fidia ikafutwa, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Soma hukumu hizo, ziko wazi kwa umma. Angalia jinsi majaji wanavyorudi tena na tena kwenye damu iliyopimwa, tarehe na barua. Maneno makali hayakushinda kesi ile.

Na jilinde. Usiende peke yako mahali penye ugomvi, usitaje jina la aliyekupa habari akiwa hatarini, weka nakala za picha na karatasi kwa watu wawili unaowaamini, na usimwite mtu mwizi kama huna karatasi ya kuonyesha.

Hatua ya nne: tafuta maneno ambayo watu wanayo

Kiswahili kina istilahi nzuri za kazi hii: tabianchi, nishati jadidifu, bayoanuwai, urejelezaji, hewa ukaa, kukabiliana na kuhimili. Zijue zote, kwa sababu utazihitaji kwenye ripoti na redioni. Lakini usiziweke mbele ya neno ambalo msikilizaji analo tayari. Mvuvi wa Old Town hasemi bayoanuwai imepungua. Anasema tafi hawaonekani kama zamani, na kwamba sasa lazima avuke mwamba. Mkulima wa Mwakirunge atakwambia mvua za mwaka zimechelewa. Sentensi hizo mbili zina sayansi ndani yake. Kazi yako ni kuzichukua kama zilivyo, kisha kuziunganisha na anayoyasema mtafiti wa Mkomani.

Mimi hutumia utaratibu huu: neno la mtaani kwanza, maelezo ya pili, istilahi ya mwisho, na mara moja tu. Kwa mfano: "Makaa yakiwaka hutoa hewa ambayo hukaa juu ikazuia joto lisitoke, kama blanketi. Ndiyo iitwayo hewa ukaa." Ukianza na istilahi, watu huanza kuangalia saa.

Chunga pia majina ya watu. Anayechambua taka pale jaani ana kazi. Mwite mkusanyaji au mchambuzi wa taka, au mwulize yeye anapenda aitwe nani. Kuna neno la mtaani la kuwadharau na sitaliandika hapa. Chupa nyingi zinazofika kiwandani kurejelezwa zimepita mikononi mwa watu hawa, na mwandishi wa uchumi wa kijani anayewadharau hajaielewa biashara anayoiandika.

Kuhusu lugha ya kuandikia: makongamano mengi yataendeshwa kwa Kiingereza, na ripoti za wafadhili pia. Jifunze kuandika kwa lugha zote mbili. Lakini kitabu chako cha kwanza kiwe cha Kiswahili. Mji huu ndio wa Muyaka bin Haji, malenga aliyetunga mashairi ya mambo ya mji, na watu wake bado husikiliza kwa sikio la shairi. Hotuba yenye mdundo huwafika. Isiyo na mdundo huvumiliwa tu.

Hatua ya tano: andika kifupi kabla ya kirefu

Anza na makala ya maneno 600 kila wiki mbili, kwa miezi sita. Makala moja iwe na mahali pamoja, mtu mmoja aliyekubali kutajwa au kufichwa jina, tarakimu moja iliyothibitishwa, na shilingi moja uliyoifuata tangu inapotoka hadi inapofikia. Ukifika makala 12, zitandaze mezani. Utaona zinazungukia jambo moja ambalo hukulipanga. Hilo ndilo kitabu.

Muswada ukiisha, wape watu wawili wausome: mtafiti mmoja na mtu mmoja wa mahali ulipopaandika. Mtafiti atakusahihisha tarakimu. Mvuvi au mama wa kikundi atakwambia pale uliposema uongo bila kukusudia. Ukilazimika kuchagua mmoja, chagua wa pili, maana tarakimu utaweza kuzisahihisha mwenyewe ukirudi kwenye ripoti.

Mambo ya uchapishaji ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Namba ya utambulisho wa kitabu, ISBN, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Hakimiliki unaweza kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Omba bei kwa wapiga chapa watatu, uone sampuli ya karatasi na jalada, na uanze na nakala 200 au 300. Usikope kuchapisha 2,000. Vitabu vya aina hii huuzwa mkononi baada ya mazungumzo, kimoja kimoja, na boksi lililobaki chini ya kitanda huliwa na mchwa na unyevu wa pwani.

Hatua ya sita: simama mbele ya watu

Omba kwanza mahali pasipo na malipo: shule uliyosoma, kikundi cha vijana, kamati ya ufuo ya wavuvi, chama cha kina mama. Nenda mapema, keti nao, sikiliza ajenda zao nyingine. Ukifika umechelewa na kompyuta mkononi umeshajitenga.

Saa zina maana yake. Baada ya alasiri ni wakati mzuri mtaani, na lazima umalize kabla ya magharibi. Ijumaa mchana usijaribu. Mwezi wa Ramadhani watu hukusanyika usiku baada ya tarawehe, na hotuba iwe fupi. Ukialikwa msikitini au kanisani, usijifanye shehe wala mchungaji. Imamu anayajua mafunzo ya kutofuja maji hata wakati wa kutawadha. Mwachie ayaseme yeye, wewe eleza kisima cha mtaa na kwa nini maji yake yameanza kuwa ya chumvi.

Hotuba ya dakika 15 naigawa hivi. Dakika mbili za mwanzo ni kisa kimoja nilichokiona kwa macho, bila ya salamu ndefu za itifaki; shikamoo kwa wazee, kisha kisa. Dakika tatu ni tarakimu moja, nikiieleza mpaka iwe kitu cha kushikika. Dakika tano ni shilingi. Dakika tatu ni jambo la kufanya, pamoja na mlango wa ofisi ya kubisha hodi. Zilizobaki mbili sizijazi, kwa kuwa kisa cha kwanza daima hurefuka.

Beba kitu. Mche wa mkoko, ule mrefu kama kalamu kubwa unaodondoka ukiwa umeshaota, unapopita mkono hadi mkono katika darasa la watoto wa Likoni huwafunza zaidi ya picha 20 ukutani. Beba kifuu na kipande cha makaa yaliyotokana nacho. Ukiwa na picha moja tu, iwe ya jahazi lile lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa, tani zipatazo 10, likavikwa vipande vya ndara vya rangi zote. Lilishushwa majini mwaka 2018 na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kwa watu wa pwani jahazi halihitaji maelezo. Mafundi wa Lamu walitumia ufundi wa mbao kwenye taka, na kila mzee anayeliona huanza kuuliza juu ya mataruma na mkuku. Mwache aulize, umeshampata.

Redio isikupite. Mombasa tuna Pwani FM, Baraka FM, Radio Rahma na Radio Salaam, na vipindi vya asubuhi hutafuta wageni kila wiki. Kule huna mche wala picha, una sauti tu. Andika sentensi tatu utakazozisema hata mtangazaji akuulize nini, na uzisome kwa sauti nyumbani mpaka ziwe nyepesi mdomoni. Wapigaji simu watakuuliza mambo makavu. Jibu lako likiwa "sijui, nitauliza nirudi wiki ijayo", rudi kweli wiki ijayo.

Kalenda itakusaidia kupanga. Mialiko huja karibu na Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, Juni 8 ya bahari, Julai 26 ya mikoko, Jumamosi ya tatu ya Septemba ya kusafisha fuo, na Oktoba 10, ambayo Kenya sasa ni Siku ya Mazingira. Peleka barua miezi miwili kabla. Lakini makala yenye faida kubwa andika mwezi Machi, kabla ya mvua za mwaka, kuhusu mitaro iliyoziba. Mwezi Mei watu wameshafurikiwa na hawana nafasi ya kusoma.

Hatua ya saba: malipo, na mialiko ya kukataa

Kazi hii ina jasho, na jasho hulipwa. Gawa wanaokualika mafungu matatu: vikundi vya mtaani na shule za umma, nauli tu, mashirika na vyuo, malipo ya wastani, kampuni na hoteli, malipo kamili. Andika kiwango chako kwenye karatasi, kiwe kimoja kwa wote wa fungu moja. Toa ankara halali, na ujue kwamba kampuni inaweza kukukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo yako, kabla ya kukulipa. Dai cheti cha makato hayo.

Kuna mwaliko utakaokujia na bahasha nene kutoka kwa anayetaka jina lako lipake kijani kazi isiyo kijani. Uliza mambo matatu kabla ya kukubali: je, naweza kusema ninachotaka bila hotuba yangu kupitiwa? Je, kampuni imetoa takwimu zake za taka na maji kwa umma? Je, jirani wa kiwanda anaalikwa? Ukipata "hapana" mbili, shukuru na ukatae. Mimi niliwahi kukubali mara moja nikiwa na shida ya kodi ya nyumba, na mtaani watu walinikumbusha miaka miwili. Kwa mzungumzaji, kuaminiwa ndio mtaji.

Pima sheria kwa macho hayo hayo. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tangu Juni 5, 2020, plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi kwenye hifadhi na fuo zinazolindwa. Pita Kongowea uone ni mifuko ipi bado ipo, uulize inatoka wapi na mchuuzi angetumia nini badala yake. Hayo ndiyo utakayoulizwa na hadhira.

Hatua ya nane: rudi

Baada ya miezi mitatu rudi kila mahali ulipozungumza, bila ya kamera. Uliza walifanya nini na walikwama wapi, ukaandike. Wazungumzaji wengi hawarudi, kwa hiyo ukirudi mara moja tu watu watakukumbuka jina.

Mikindani nilirudi na gunia dogo la makaa ya vifuu na jiko la kuazima. Tuliwasha, wakapika mbaazi, wakaniambia ukweli: yanachelewa kushika moto, lakini yakishika hukaa. Hesabu ya gharama tuliifanya pamoja kwenye ubao wa mlango kwa chaki. Kisha mama yule yule akaniuliza: "Na hiyo asilimia 40 ya kaboni ulosema redioni, mwenye kuhesabu ni nani?" Nilimwambia sheria inataka mkataba wa maendeleo ya jamii ulioandikwa na kusajiliwa, na kamati ya watu wa mahali yenye haki ya kuona vitabu. Akaniambia nimletee nakala ya sheria hiyo kwa Kiswahili. Bado naiandaa, kifungu kwa kifungu, na kina mama wanaisoma kila Alhamisi ninapomaliza ukurasa.